Kumpeleka mzee Lushoto kutoka Mwanza: njia, baridi, na historia ya mji ule

Mkazi wa Kirumba

Habari za majukumu, ndugu zangu. Likizo ya mwezi wa sita nakusudia kumpeleka mzee wangu Lushoto pamoja na wanangu wawili, mmoja yuko darasa la sita na mwingine kidato cha pili. Naomba ushauri wa wanaoifahamu milima ya Usambara, hasa wenyeji wake mnaoishi huku kwetu Mwanza, kwa kuwa maelezo mengi niliyoyaona yameandikwa kwa ajili ya mgeni anayetua kwa ndege kutoka Ulaya, mwenye miguu mizima na asiye na mzee wa miaka karibu themanini wa kumsindikiza.

Sababu ya safari ni hii. Babu yake mzee wangu aliondoka Magu akiwa kijana, enzi ya Mjerumani, akaenda upande wa Tanga kutafuta fedha ya kodi, na huko akafanya kazi ya mkonge. Aliporudi alisimulia, pamoja na mengine, habari za milima iliyokuwa juu ya mashamba yao, ambayo asubuhi ilikuwa haionekani kwa ukungu, na ambako mabwana wa mashamba walikuwa wanapanda kupumzika joto la bondeni lilipowazidi. Yeye hakuwahi kupanda, kwa kuwa kazi yake ilikuwa chini. Mzee wangu alizisikia habari hizo tangu utotoni, na sasa amenieleza waziwazi kwamba angependa kufika huko juu, asimame, atazame kule alikokuwa babu yake. Nimeliona kuwa ni ombi la haki, na nisingependa kuliahirisha, maana magoti yake ya mwaka huu si ya mwaka jana.

Naomba kujua njia iliyo nafuu zaidi kwa mzee kutoka hapa Mwanza, na kama kuna mahali pa juu ambapo gari hufika karibu, pasipomlazimu kupanda mlima kwa miguu. Jambo la pili linanigusa zaidi. Kila ninaposoma habari za Lushoto nakutana na mandhari, nyumba za Kijerumani zenye sehemu ya kuotea moto, jibini na mvinyo, ila wenyeji wa milima ile hawatajwi, wala wale waliofanya kazi iliyoujenga mji huo. Sipendi wanangu warudi wakiwa wamejifunza kwamba Lushoto ni mahali Wazungu walipopata baridi inayofanana na ya kwao. Nianzie wapi ili waione historia yenyewe?

Mshambaa wa Nyegezi

Ndugu yangu wa Kirumba, nifikishie shikamoo kwa mzee, na karibuni sana kwetu. Mimi nimezaliwa upande wa Mlalo, huku Mwanza nimeletwa na kazi, na nimefurahi kuona mtu anaulizia milima yetu kwa sababu kama yako.

Nianze na ombi la mzee, kwa kuwa linatekelezeka bila shida yoyote. Mahali anapopahitaji panaitwa Irente. Ni ukingo wa mlima, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, na gari dogo hufika karibu kabisa na ukingo wenyewe, kiasi kwamba atatembea hatua za kawaida tu akiwa ameshikwa mkono. Akisimama pale atakuwa anatazama chini karibu mita 1,000, na kitu cha kwanza atakachokiona bondeni ni Mazinde na mistari ya mkonge, iliyonyooka, ikikatizwa na barabara kuu ya kwenda Moshi. Nyuma ya mkonge kuna nyika ya Wamasai mpaka macho yanapochoka. Mwende alasiri kuelekea jioni, kwa sababu asubuhi za mwezi wa sita ukungu unaweza kulifunika bonde lote, nanyi mkasimama mbele ya weupe mtupu. Ukingo hauna ukuta wa maana, kwa hiyo wa darasa la sita asiachwe akatangulia.

Kuhusu mji, wengi huja wakidhani Lushoto iko kileleni. Mji uko bondeni, umezungukwa na vilele, na ndiyo maana jua huchelewa kuufikia na huwahi kuuacha. Kimo chake ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mkumbuke kwamba uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134, hivyo mtu wa Mwanza hapandi sana kama mtu wa Tanga au wa Dar es Salaam anavyopanda. Hata hivyo baridi mtaisikia. Huku Mwanza tunaishi kando ya maji mengi yanayotunza joto usiku, katikati ya mawe yaliyooteshwa jua mchana kutwa. Kule upepo unatoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu, unapigana na milima, unageuka wingu, na wingu hilo linakaa juu ya vichwa vya watu. Mwezi wa sita hadi wa nane ndio wakati wenye baridi kuliko yote. Mzee avae soksi za sufi, kofia ya kufunika masikio na koti zito, tena muombe blanketi la ziada mnapopokelewa, msisubiri usiku wa manane.

Upepo huo wa baharini ndio uliofanya misitu yetu iwe ya kipekee. Usambara ni sehemu ya mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, na kwa kuwa unyevu haukukatika huko kwa muda mrefu mno, kuna mimea na wanyama waliobaki humo ambao hawapatikani kwingine duniani. Watoto wapelekwe Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, ambayo lango lake liko karibu na mji. Humo kuna miti ya mkulo, mkubwa wake hukumbatiwa na watu kadhaa walioshikana mikono, kuna mbega weusi wenye manyoya meupe, na kuna vinyonga wenye pembe. Mwongozaji wa pale anaweza kumwona kinyonga kwenye tawi ambalo ninyi mmelitazama na kuapa kwamba ni tupu. Msitu huo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba kama malipo mengine ya serikali, kwa hiyo hakikisheni simu ina salio kabla ya kufika langoni.

Kama muda unatosha, fikeni Mlalo. Barabara ni ya vumbi na ni ndefu, mzee anaweza kubaki Lushoto akipumzika, ila wanafunzi wako watajifunza kule kuliko mahali pengine popote. Wataona nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, zimepangana mlimani, na mashamba yaliyolimwa hadi mahali ambapo mtu wa tambarare angeogopa kusimama. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na kanisa liko hadi leo. Ila kitu ninachopenda wakitazame ni makingo ya mashambani. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha pale mpango wa kuhifadhi udongo, ikaamuru wakulima wachimbe matuta kwenye miteremko, kila kaya kipande chake, na asiyechimba akashtakiwa. Tatizo la mmomonyoko lilikuwa la kweli, hilo wazee wetu hawakulikana. Walichokataa ni kulazimishwa kazi nzito kwenye mashamba yao wenyewe, kazi iliyowaangukia zaidi akina mama, bila kuulizwa na bila kuona mavuno yakiongezeka. Walipinga mpaka mpango ukafutwa mwaka 1957. Leo ukipita utaona wakulima wenyewe wamepanda majani ya ng'ombe kwenye makingo, wanalisha mifugo na udongo unabaki, kwa hiari yao.

Mwalimu wa Bwiru

Nimesoma swali la ndugu wa Kirumba kwa makini, na kwa kuwa nafundisha historia nitajibu sehemu yake ya pili. Naomba nianze na jambo litakalowagusa watoto wa Mwanza moja kwa moja.

Tunafundisha kwamba John Hanning Speke alilifikia ziwa letu mwezi wa nane mwaka 1858, na ghuba iliyo kaskazini mwa mji wetu ina jina lake hadi leo. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kuanza safari ya bara, mapema mwaka 1857, Speke na mwenzake Richard Burton walipanda Usambara kwenda Vuga, makao ya mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa ameshamtembelea Kimweri huko mwaka 1848. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka thelathini kabla Mjerumani hajajenga ofisi yoyote katika milima ile, kulikuwa na dola iliyojulikana, yenye ukoo wa kitawala wa Wakilindi, ambayo nguvu zake zilishuka kutoka milimani hadi karibu na pwani, na mgeni aliyetaka kupita salama alikwenda kwanza kumsalimu mwenye nchi. Mtoto anayekwenda Lushoto aanze na Vuga. Mji wa Lushoto ni jambo la baadaye.

Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, wanawe na wajukuu waligombana. Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alipata bunduki kwa biashara na akawa na nguvu kuliko waliokuwa mlimani. Wajerumani waliikuta nchi ikiwa imechoshwa na vita hivyo, nao wakaingilia. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa mtawala wa Vuga. Haya yatangulie kabla ya kuzisifu nyumba zenye sehemu ya kuotea moto.

Mji wenyewe waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, wakaufanya makao ya wilaya. Walipendezwa na hali ya hewa, ni kweli, ila kilichowavuta kwa ukubwa zaidi ni ardhi. Walianza na kahawa katika Usambara Mashariki wakakuta udongo wa misitu ile hauistahimili. Wakati huohuo, mwaka 1893, mtaalamu wao Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida; ikaletwa miche 1,000, na iliyofika hai ni 62 tu. Mashamba yote ya mkonge ambayo mzee wetu atayaona kutoka Irente yana asili katika miche hiyo michache iliyopandwa karibu na Pangani. Mwaka huohuo wa 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Mombo, chini ya Lushoto, mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Sasa nani alifanya kazi? Hapa ndipo historia ya Usambara inapokuwa historia ya kwetu. Washambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha kwa ajili ya ujira mdogo. Walowezi wakalalamika, na kuanzia mwaka 1907 ulianzishwa katika wilaya ya Wilhelmstal utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa, na aliyeshindwa kuijaza alipelekwa kwenye kazi za umma. Hata hivyo kadi hazikutosha kwa mashamba makubwa ya bondeni wala kwa reli, hivyo wakatafutwa watu wa mbali, na waliojitokeza kwa wingi ni Wanyamwezi na Wasukuma. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1898, na ilitakiwa kwa rupia. Kijana wa Magu asiyekuwa na pa kuipata rupia alijiunga na wenzake wakaenda. Reli haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928, kwa hiyo wengi wa kizazi cha babu yake mzee walikwenda kwa miguu, wiki kwa wiki, kwenye njia zilezile za misafara.

Baadaye, wakati wa Mwingereza, pamba ilipokubali Usukumani, vijana wetu walipata fedha ya kodi bila kuondoka nyumbani, na mashamba ya Tanga yakalazimika kuwatafuta watu wa maeneo mengine. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri, lililojulikana kama SILABU, lililowasafirisha wafanyakazi wa mkataba kwa malori na treni. Hao ndio manamba, waliotambuliwa kwa namba kabla ya jina. Mwambie mzee kwamba habari za babu yake ni sehemu ya jambo kubwa sana, na kwamba anastahili kuzisimulia mbele ya wajukuu akiwa amesimama palepale Irente, si nyumbani tu. Ningekuwa mimi ndiye baba yao, ningemwomba wa kidato cha pili azirekodi kwa simu.

Nyongeza mbili zitakazowaunganisha watoto na mji wao. Kwanza, kilima kilicho katikati ya Mwanza chenye jina la Robert Koch kinamkumbuka daktari aliyekuja ziwani mwaka 1906 kuchunguza malale. Kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo na viumbe hai mwaka 1902. Walichokijua kuhusu maradhi na mimea ya nchi yetu walikikusanya milimani kule na ziwani hapa kwa pamoja. Pili, matuta aliyoyaeleza ndugu wa Mlalo tulikuwa nayo Usukumani vilevile, miaka ileile, katika mpango wa maendeleo uliokuwa na makao yake Malya, ulioagiza matuta na kupunguza mifugo, na uliopingwa hadi maandamano ya Geita mwaka 1958. Wazee wa milimani na wazee wa ziwani walikataa jambo moja kwa wakati mmoja, bila kuonana.

Vitabu vingi vinalitaja lile ua dogo la zambarau la Usambara ambalo mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, likapewa jina lake, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Watoto waoneshwe likiota lenyewe kwenye mwamba wenye kivuli. Lilikuwa linaota hapo tangu zamani, na wenyeji walikuwa wanapita karibu nalo.

Mama wa Pasiansi

Mimi nimesafiri njia hiyo na mama mkwe wangu mwenye shinikizo la damu, kwa hiyo nitaeleza ya njiani tu, hayo mengine wenzangu wameyatosheleza.

Kama uwezo unaruhusu, mzee apande ndege mpaka Kilimanjaro au Dar es Salaam, kisha mkamilishe kwa gari. Kama ni basi, pandeni Nyegezi basi la Arusha linalopita Shinyanga, Nzega, Singida na Babati. Njia ya kupitia Musoma na Serengeti ni fupi kwa macho, lakini kipande cha hifadhini kina malipo yake na mtikisiko wake, na sikipendekezi kwa mgongo wa mzee. Laleni Arusha au Moshi. Mtu asikudanganye kwamba mnaweza kuunganisha mpaka Lushoto bila kupumzika. Kijana ataweza, ila mzee atafika akiwa hana hamu ya kuona chochote, na safari ni yake.

Kesho yake mchukue basi la kwenda Tanga au Dar es Salaam, mkamwambie kondakta mapema kwamba mnashuka Mombo. Kaeni upande wa kushoto. Baada ya Same mtaanza na milima ya Upare, mpite Makanya na Hedaru, na kuanzia Mkomazi ukuta wa Usambara utakuwa dirishani kwenu hadi mshuke. Mkifika Mkumbara, waambie watoto watazame juu: Wajerumani walijenga pale njia ya waya wa angani ya kushushia mbao kutoka msitu wa Shume, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kuzifikisha kwenye reli.

Mombo kuna joto, kuna vumbi na kuna wapiga debe. Msikurupuke. Kunyweni maji, mzee aende msalani, kisha mtafute kosta au mkodi gari dogo la kwenu wenyewe; kwa watu wanne tofauti ya nauli inavumilika, na dereva atasimama mnapotaka. Barabara ya kupanda ni ya lami, kama kilomita 33, na kona zake hazimalizi kwisha. Mlima uko upande mmoja na korongo lenye mto upande mwingine. Anayechafukwa na tumbo akae mbele, asile chakula kizito Mombo, na atafune tangawizi mbichi. Katikati ya njia mtafika Soni, penye maporomoko ya maji karibu na barabara, na hapo mteremke mnyooshe miguu. Akina mama watawaletea ndoo za matunda dirishani, mapeasi na plamsi na mapichi kutegemea msimu. Nunueni kwao. Bei yao ni ya haki, na mzigo ukishafika Kariakoo bei inabadilika jina.

Kwa chakula msihangaike. Mboga zote mnazozijua ziko sokoni Lushoto zikiwa zimechumwa asubuhi, kabichi, karoti, hoho, viazi, na jibini na mkate wa Irente ni mzuri kweli. Watawa wa Sakharani, upande wa Soni, wanauza karanga za makadamia. Kinachokosekana kule ni samaki wetu. Ndugu wa Nyegezi atanisahihisha, ila nilipopeleka dagaa na sato mkavu kwa wenyeji wangu walipokelewa kwa furaha kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Mnaporudi, kama mzee bado ana nguvu, shukeni hadi Tanga mkalale pwani. Kutoka baridi ile hadi joto la bahari ni safari ya nusu siku tu, kupitia Korogwe, Segera na Muheza, na watoto wakaone mapango ya Amboni. Amani iacheni kwa safari nyingine. Ramani inaionesha jirani, lakini bonde la Lwengera linazitenganisha Usambara mbili, na barabara ya kupanda kutoka Muheza ina mateso yake.

Mkazi wa Kirumba

Ninawashukuru sana wote watatu, na hasa wewe Mwalimu. Nilimsomea mzee majibu yenu jana jioni. Nilipofika kwenye kadi za siku 30 alinisimamisha, akasema babu yake alikuwa akitaja kadi, ila wao watoto walidhani anazungumzia kadi ya chama. Nadhani ya bondeni ilikuwa tofauti na hiyo ya Washambaa, maana alikuwa mtu wa kuajiriwa kutoka mbali, lakini sasa mzee ana swali la kwenda nalo.

Tumekubaliana tutapita Singida na kulala Moshi. Nimebakiwa na jambo moja. Tungependa kufika Vuga kama Mwalimu alivyoshauri, ila sijui kama mgeni anaruhusiwa kwenda tu, na mzee hapendi kabisa kuingia kwenye makao ya watu bila hodi. Taratibu zake zikoje?

Mshambaa wa Nyegezi

Mzee ana adabu, na adabu hiyo itawafungulia milango. Vuga haina lango la tiketi wala kibao cha saa za kufungua. Ni kijiji ambacho watu wanaishi, na humo kuna makaburi ya watawala ambayo kwa wenyeji ni mahali pa heshima. Msipeleke gari moja kwa moja. Mkiwa Lushoto mjini, tafuteni mwongozaji aliyezaliwa upande wa Soni au Vuga kwenyewe, mwelezeni shabaha yenu kwa ukweli, kwamba ni familia ya Kisukuma ambayo babu yao alifanya kazi Tanga, naye atapiga simu kwa wazee kabla hamjaondoka. Mkifika mtapelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mzee wa ukoo. Hapo mzee wenu ndiye azungumze, siyo wewe. Kitu kidogo cha kuwashika mkono kitolewe mwishoni na kipitie kwa mwongozaji, msihesabu noti mbele ya watu.

Picha za makaburi msipige mpaka muambiwe. Mkiambiwa sehemu fulani haiingiwi, msiulize mara ya pili. Na mpange kwenda asubuhi, siku isiyo ya gulio, maana siku ya gulio wazee wengi hawapo nyumbani.

Kuhusu kadi, mzee amelenga pazuri. Akiwa Irente, amwombe mwongozaji amtafutie mzee wa Mazinde au wa Mombo aliyewahi kufanya kazi ya mkonge. Bado wapo, wengine ni wajukuu wa manamba ambao hawakurudi kwao, na si ajabu akamkuta anayejua Kisukuma. Mkipata siku mbili za ziada, zitumieni hapo bondeni na si kwenye maporomoko. Nitumie ujumbe binafsi ukishajua tarehe, nikuunganishe na binamu yangu aliyeko Soni, atawapokea Mombo.